Aliyewapa Watu Mgongo

Kila alfajiri, hapa Lota, naosha vitu viwili:
chemchemi ya samaki wa kioo wanaotema maji ya buluu,
na yule mama wa shaba aliyewapa watu mgongo.

Chemchemi, nakiri, naipenda.
Watoto huingia na viatu, wapenzi hutupa sarafu,
hata mbwa wa Nibaldo muuza mkate hunywa akaridhika.

Mama wa shaba ameelekea shimo la makaa lililofungwa.
Ukimzunguka umtafute macho
unakuta shali, na ndani ya shali, giza.

"Kizuri chajiuza," diwani alisema,
"hiki mbona kinatununia, na kodi tumelipa?"
Usiku ule wakamrushia mayai.
Nikayabandua kwa kisu
nikimlaani Yasna mchongaji na nyundo yake.

Lakini Eduvigis, mjane wa mchimbaji,
huja kila Ijumaa kumtukana.
"Geuka, we mwanamke! Hawatoki tena!"
Akishachoka hutoa leso,
akampangusa begani, taratibu,
mpaka pale begani sasa pang'aa
kama kitasa cha kanisa.
Kwenye samaki hapiti kamwe.

Jana kamati imeniita: kipi kiondoke?
Mimi mtu wa ndoo na brashi, nijue nini?
Nikasema samaki wanavuja.
Nikasema shaba haili maji mengi.

Sikuwaambia kwamba asubuhi ile,
kabla jua halijapanda,
nilisimama nyuma yake, brashi inadondoka maji,
nami nikamwambia: geuka.