Mimi Nilikuwa Radi

Katika igizo lile mimi nilikuwa radi.
Nilipewa kipande cha bati, mwiko wa ugali
na agizo moja: usipige mpaka baba afike nota ya mwisho.
Ukumbi wa kanisa, Tukuyu, mwezi wa nne,
mvua ya kweli juu ya paa ikinidharau.

Hadithi aliitunga baba, mwalimu wa kwaya,
mtu wa kumaliza kila ugomvi kwa kinanda:
mama na binti wanagombana asubuhi,
radi inapiga,
mama anazinduka ndani ya mwili wa binti,
binti ndani ya mwili wa mama,
wanaimba, wanaelewana, tunakula pilau.
Hivyo ndivyo ilivyoandikwa.

Nikapiga.
Taa zikazimwa, zikawashwa
(Mzee Mwandemele aliwahi swichi,
tukamwona mama akipigana na zipu).
Akajitokeza na sketi ya shule ya Ikupa, soksi nyeupe hadi magotini.
Ikupa naye kajifunga kitenge cha mama cha mnadani,
kibindo kimetuna noti za karatasi ya daftari.
Watu walicheka mpaka benchi la nyuma likapinduka.

Mama aliimba wimbo wa binti.
Alibetua midomo, akatafuna hewa kama bigijii,
akasema "Sitaki" kwa namna zote za Ikupa:
ile ya mlango, ile ya bega,
ile isiyosemwa, ya kukugeuzia mgongo.
Sikujua kama huwa anazihesabu.

Ikaja zamu ya dada.
Hakuimba.
Baba alirudia nota za kuanzia, mara mbili, mara tatu.
Ikupa aliketi kwenye kigoda, akavua kilemba,
akamwaga zile noti mapajani
akahesabu kwa sauti ndogo ya saa tano usiku,
ile inayopenya ukuta wetu wa mbao:
"Hii ya mbolea. Hii ya ada.
Hii ya deni la Mama Lugano.
Hii ya..."
Mkono ulikuwa mtupu. Akautazama.
"Hii nilisema ya nani?"
Akakohoa. Kikohozi chenyewe, cha moshi wa kuni mbichi,
akakifunika haraka kwa ncha ya kitenge, tusiamke.

Kicheko kikaisha, ikabaki mvua.
Mama alikuwa amesimama ndani ya sketi,
mkono mmoja kwenye zipu iliyokataa kufunga.
"Kumbe huwa hulali," alisema.

Haikuwa kwenye karatasi.
Na mpaka leo hatujakubaliana
kama ni binti aliyekuwa anamwambia mama
au mama aliyekuwa anamwambia binti.

Baba akanikodolea macho: piga! Piga warudi!
Radi ya pili ndiyo ya kuwarudisha miilini.
Mwiko ninao. Bati liko tayari.
Sikupiga.
Nilikuwa na miaka tisa, sina sababu ya kuwapa,
ila nilitaka wakae humo kidogo.

Basi tulirudi nyumbani hawajarudishwa,
njia ya migombani, mvua imekatika,
ukungu wa Rungwe umeshuka mpaka tochi ya simu
ikawa kiini cha yai tu, haimuliki kitu.
"Viatu vyako vinanibana," Ikupa alisema.
Mama akasimama. Akachuchumaa kwenye tope na sketi yake ya shule,
akapima kwa kidole gumba
kisigino kinavyomwagika nje.
"Tangu lini?"
"Tangu Krismasi."
Akaguna. Akautazama mguu wake mwenyewe
ukicheza ndani ya kiatu cha mwanawe
kama mhindi mkavu kwenye debe.
Hawakubadilishana. Wakaendelea, wameshikana viwiko,
mmoja akichechemea, mwingine akiburuza.

Baba mbele, kinanda mgongoni ndani ya nailoni,
bado akitafuta kwa mluzi nota aliyoikosa.
Mimi nyuma kabisa, bati kichwani,
migomba ikinidondoshea maji,
nimelishika kwa mikono miwili
lisije likalia.