Mshika Bendera

Worksop, Jumapili ya kwanza ya Machi, baridi ya kuuma kucha.
Watu wamefungua buti za magari yao uwanjani
wakamwaga maisha juu ya maturubai:
birika zisizo na vifuniko, viatu vya marehemu,
na kopo la biskuti lenye picha ya farasi.
Nikalitikisa. Likajibu kwa uzito.
"Vitu vya Neil," akasema Bi Ollerenshaw. "Pauni kumi na mbili.
Nane, ukinisaidia kukunja meza."

Nilikunja meza.

Lugha yangu ina jina moja tu
kwa madini haya na kwa kile kinachotoka mtutuni.
Basi nilibeba nyumbani risasi hamsini na tatu zenye nyuso:
mazimwi, mbilikimo wenye ndevu hadi magotini,
mifupa iliyokataa kulala,
mchawi aliyevunjika fimbo,
joka lisilo na bawa la kushoto,
zote zilisubiwa mwaka ambao mimi nilikuwa nanyonya,
na hakuna hata moja iliyowahi kumtoboa mtu,
labda kidole, kwa mkuki.

Nikazilaza kwenye bakuli la Deto.
Harufu ikapanda: zahanati ya Pongwe, goti langu limechunika,
muuguzi anasema usilie huku anamimina.
Wiki nzima jiko letu lilinuka utoto.
Kisha mswaki mkuukuu. Rangi ikatoka kwa matabaka,
nyekundu, chini yake buluu,
chini yake kijivu chenyewe, kimetulia.

Mchana kazi yangu ni meno ya watu.
Nachonga, napaka, nalinganisha weupe wa jino
na weupe wa jirani yake,
maana jino jeupe mno husema uongo.
Usiku, meno ya mazimwi. Hayo nayachafua makusudi:
manjano kwanza, kahawia kwenye ufizi,
halafu nukta ya maziwa pale ncha inapouma.
Brashi ina nywele zisizofika kumi.
Haba na haba, walisema wahenga;
hawakusema habari za macho.
Mwanakombo hupita na kikombe cha chai,
huuliza, nani kashinda leo?
Hakuna, namwambia. Bado wanavaa.

Wa hamsini na tatu ndiye aliyenisimamisha.
Mshika bendera, mdogo, pua imelika,
kazamishwa mzima katika kijani kizito,
rangi ya mlango, si ya sanamu.
Macho hana. Bendera kama jani la mgomba lililonyeshewa.
Deto haikumfanya kitu.
Nikachukua kisu, nikamgeuza chini ya lenzi:
mgongoni, alama ya kidole gumba,
mistari yake yote, myembamba,
ya mtu wa miaka sita, au saba,
aliyeshindwa kungoja ikauke.

Nikaweka kisu chini.

Aprili nikamkuta Bi Ollerenshaw anauza mapazia.
Akampigia Neil, dereva wa malori,
yuko Immingham anangoja meli.
Nikamsikia anacheka. Yule? Yule si wangu.
Wa Janine. Hatukuwa tunamtia mchezoni.
Tulimpa mmoja aliyeharibika ili anyamaze,
akampaka masalio ya kopo la baba.
Kiangazi kizima alisimama naye mlangoni.

Nikauliza kama nimpeleke kwake, popote alipo.
Kimya. Injini ya mtu mwingine ikaunguruma.
Muulize kwanza, akasema, kama anataka kukumbuka.

Bi Ollerenshaw alikuwa hajui.
Alikunja pazia, akalikunjua.
"Mlango bado ni wa kijani," akasema, si kwangu.

Usiku huu hamsini na wawili wako tayari,
meno ya manjano, ngao zinawaka rafuni.
Yeye nimemtanguliza, kama desturi ya bendera.
Barua kwa Janine ina mistari miwili, bado haina bahasha.
Huyu mbona hujampaka, anauliza Mwanakombo.
Kapakwa, nikasema.
Akamnyanyua, akaweka gumba lake juu ya lile,
likalifunika, likabaki.