Kifungo

Jina lake Nappi. Kwa Kifini ni kifungo:
cha shati, si cha jela,
ingawa wodi ya ghorofa ya nne
ina dirisha linalofunguka kiasi cha kupitisha vidole tu.

Hilkka Rautio, miaka thelathini dereva wa basi mjini Kuopio,
amestaafu na mgongo mbovu
na mbwa mwenye sikio moja lililolala.
Kila Jumanne ya Februari, giza la saa kumi alasiri,
hukung'uta theluji mlangoni mwa ghala la zamani la mbao
ambamo Orvokki hufundisha.

Mtihani wenyewe ni huu:
mkongojo uangushwe nyuma ya mbwa,
kiti cha magurudumu kiusugue mkia wake,
mtu alie kwa sauti, anyamaze ghafla, acheke.
Kisha soseji iwekwe sakafuni, na mbwa aipite
kama muumini apitavyo mgahawa mwezi wa mfungo.

Nappi aliitazama soseji. Akahema. Akapita.

"Mbwa amefaulu," akasema Orvokki, penseli mdomoni.
"Wewe bado."

"Nimekosa nini?"

"Amekuomba ruhusa mara tatu.
Alilamba pua, wala hapakuwa na chakula.
Akapiga mwayo, wala hakuwa na usingizi.
Akageuza uso, ukamrudisha kwa ugwe
ukimwambia: bado kidogo, mpenzi, bado kidogo.
Nani alikufundisha hiyo bado kidogo?"

Hilkka hakujibu.
Alimwona Taisto mezani, kahawa imepoa,
macho ukutani,
na yeye mwenyewe akivaa koti la kazi:
bado kidogo, mpenzi, kiangazi kinakuja.
Kiangazi kilikuja.

Lugha ninayoandikia haya
humtumia mbwa kama jiwe la kurushia watu.
Tuna maneno tele ya kumfukuza,
ya kumsikiliza tunayahesabu kwa vidole.
Basi nami nilijifunza nyuma ya Hilkka, kwa taabu:
sikio likirudi nyuma, ni sentensi;
mkia ukishuka, ni sentensi;
ugwe ukikaza, msemaji ni wewe,
na hofu yako imeshafika shingoni mwake
kabla hujafumbua mdomo.

Aprili akafaulu. Akapewa kitambulisho chenye picha mbili,
ya Nappi ikiwa nzuri zaidi.

Ghorofa ya nne: Veikka, miaka kumi na tisa,
mikono ya sweta imevutwa hadi kwenye kucha.
Wauguzi walisema hasemi.
Nappi hakuambiwa. Alizunguka mara moja,
akalaza kidevu juu ya kiatu kisicho na kamba
(kamba huchukuliwa mapokezi)
na dakika zikapita bila mtu kuzisukuma.

Ya kumi na saba, mwayo.
Ulimi puani.
Uso dirishani.

Veikka, kwa sauti yenye kutu: "Mwache kidogo."

Ndilo neno wodi nzima ililolingoja wiki tatu.
Muuguzi mlangoni alimkodolea Hilkka macho: mwache!
Na Hilkka, koo limekauka,
akaulegeza ugwe, akasimama.
"Amechoka. Tutarudi Alhamisi."

Kimya. Kisha: "Umejuaje?"

Akamwonyesha. Mwayo. Ulimi. Uso.
Veikka akayarudia polepole
kama mtu anayekariri namba ya simu asiyo na pa kuiandika.

Usiku ule Hilkka hakulala.
Alijiona ameufunga mlango uliokuwa ukifunguka.
Nappi alikoroma.

Alhamisi wakarudi. Kidevu, kiatu, dakika.
Ya tisa, Veikka akauvuta mguu taratibu,
akainuka, akamtazama muuguzi usoni.
"Leo ni mimi," alisema. "Nimechoka mimi."
Akaenda zake chumbani. Hakuna aliyemrudisha.

Nappi alibaki na kidevu sakafuni,
pale palipokuwa na kiatu.

Kwenye fomu, palipoandikwa Muda wa ziara,
Hilkka akajaza: dakika tisa.
Palipoandikwa Matatizo,
aliiweka kalamu, akaiinua,
akapaacha patupu.