Shingo ya Mbeleje

Upepo wa Agosti hapa Hombolo ni mnafiki:
unakupuliza usoni kama mtu anayekupozea uji,
kumbe nyuma yako jua linakula.
Asubuhi ulisema, "Dada, leo baridi,"
ukavua kofia, ukaijaza zabibu,
maana tenga letu lilikuwa limetoboka kitako.
Nami niliona.
Niliona, nikasema, "Haya, harakisha,
lori la mnunuzi linaondoka saa tisa."

Sisi wengine tumezaliwa na kivuli ndani ya ngozi.
Wewe kivuli chako ni cha kuvaa.

Sasa ni magharibi. Shingo yako
ni tofali lililotolewa tanuruni mapema mno,
na masikio, na lile bega ambalo shati lililisaliti.
Umekaa kwenye kigoda, umenipa mgongo,
unajifanya unahesabu mbuzi wa Sailowa wakirudi.

Tuna ndoo moja.
Mkokoteni wa maji haupiti tena mpaka kesho kutwa.
Nilikuwa nimeipigia hesabu: nusu ya ugali,
nusu ya nyuso tano za asubuhi.
Naimimina yote kwenye beseni.
Tutakula zabibu zilizokataliwa.

Kile kitenge cha mama, kilicholainika kwa kufuliwa,
nakichovya, nakikamua kidogo, nakilaza.
Sisugui. Nakilaza tu,
kama anavyofunikwa mtoto ambaye tayari amelala.
Unavuta pumzi kwa meno: sss.
Kikipata joto nakichovya tena.
Kinapata joto upesi, Mbeleje,
utadhani umelibeba jua mpaka nyumbani.

Mama Nyendo kachungulia uani na dawa ya meno.
"Mpake, inapoza."
Nikamwamkia, nikamwambia meno yanaisubiri.
Akaja mwingine na samli. Samli!
"Nyama ikiungua jikoni, mama, unaongeza mafuta?"
Akacheka, akaondoka nayo.
Wana nia njema. Nia njema hiyohiyo
ilimpaka shangazi mafuta ya taa,
na bega lake lina ramani mpaka leo.

Nimekata jani la mshubiri kwenye kopo la rangi.
Nimelisimamisha kwanza lidondoshe utomvu wa manjano,
ule unaowasha.
Kilichobaki ndani ni maji mazito, meupe,
yanateleza kama mlenda.
Tulia. Najua.
Haya malengelenge mawili usiyatumbue,
ni paa ngozi imejiezekea yenyewe.
Kunywa. Kikombe kingine.
Usiku ukitetemeka, au ukitapika,
usione haya kuniamsha:
Ndahani ana pikipiki, zahanati ina mlango,
nami nina mikono ya kuugonga.

Makreti kumi na moja, hujaniuliza bei.
Mnunuzi aliikata.
Alizigeuzageuza zabibu kwa vidole viwili,
akasema zimekaa juani mno,
zimeanza kusinyaa, yeye si mtu wa kununua hasara.
Nikaomba radhi. Nikaomba radhi kwa ajili ya zabibu!
Na wewe ulikuwa umesimama palepale,
kichwa wazi, umenishikia kalamu.

"Dada."
Nini?
"Mkono wako una baridi. Uache hapo."

Nimeuacha.
Mbuzi wa Sailowa wameisha kupita na bado unahesabu.
Giza linashuka, na hili nalo ni dawa,
la bure, halihitaji ndoo.
Kofia yako ipo kwenye kamba,
sisimizi wameivamia kwa utamu wake,
wanaingia, wanatoka, kama wamefunguliwa duka.
Nitaifua maji yakipatikana.

Lakini kesho, kabla ya chai, kabla ya shamba,
nitaanza na lile tenga.