Gramu Nane na Nusu

Alfajiri, mteremko wa Andes, juu ya Santa Rufina.
Ukungu umeketi kijitoni kama mgeni asiyejua kuaga,
na wavu wetu unadondosha maji.
Katikati yake kitu kinapapatika.
"Zoila, hilo ni jani," asema Hermógenes.
Si jani.

Namnasua ukucha kwa ukucha, uzi kwa uzi,
namtia mfukoni, mfuko nautundika kwenye mizani:
gramu nane na nusu, pamoja na hasira zake.

Haya, wewe nani?
Mgongo: kijani cha parachichi lililoanza kulegea.
Kifua: manjano, lakini manjano ya kusitasita,
ukuta uliopakwa rangi na mtu bahili.
Mabawani mistari miwili. Au mmoja na kivuli chake.
Mdomo mweusi juu, na chini (leta tochi, Hermógenes),
chini una rangi ya ufizi.
Jicho lina pete, iliyokatika nyuma.
Pembeni mwa mdomo, vinyweleo:
wavu wake yeye, wa kudakia nzi.

Kitabu kimeloa. Kwenye ukurasa mmoja
wadaka nzi tisa wamepanga foleni,
ndugu wa tumbo moja waliogawana shati moja.
Huyu ana pete, hana mistari.
Yule ana mistari, hana pete.
Wa tatu anavyo vyote, ila anakaa ng'ambo ya pili ya mlima.
"Kapotea njia," asema Hermógenes.
"Au kimepotea kitabu."

Miaka kumi na minne alishika msumeno katika msitu huu.
Miti aliijua kwa mlio wa kuanguka;
ndege hakuwauliza majina.
Leo ameshika kalamu yangu ya risasi kwa vidole vinane:
bawa, milimita hamsini na tisa.
Mkia, arobaini na tisa.
Jina,
hapo kaacha nafasi, na tone la maji limekaa.

Muda umekwisha. Moyo wake unakwenda kama cherehani.
Nafungua kiganja.

Hakwenda mbali. Alitua kwenye tawi lenye kuvumwani,
akatutazama kwa jicho la mdai,
kisha akainua bawa la kushoto, hilo tu,
akalishusha.
Kisha la kulia.

"Ah, huyo!
Huyo anajenga pale barabara ilipokatwa ukingo,
kiota kinaning'inia kama soksi iliyosahaulika.
Mama alimwita Si-Mimi.
Mti ukilala, vumbi likitua,
yeye yuko kwenye kisiki, anainua bega:
si mimi, si mimi."
Akacheka. Kisha hakucheka.

Kitabuni, chini ya picha ya saba, herufi za sisimizi:
huinua bawa moja moja.
Yalikuwapo muda wote. Dole gumba langu liliyafunika.

Nikamsomea jina refu la kitabu, mara mbili, polepole.
Aliliandika pembeni, dogo, kwenye mabano.
Katika ile nafasi, juu ya tone,
alikuwa ameshaandika lingine.