Karatasi ya Pili

Vardø, mwisho wa Januari. Jua limechungulia saa sita,
limeona baridi, limerudi kulala.
Mbele yangu ameketi Torkjell Nymo,
viganja juu ya meza kama mtoto anayekaguliwa kucha.
Leseni yake imo ndani ya droo yangu
tangu majira ya baridi ya mwaka juzi.

Siku ile gari la kuyeyushia barafu lilikuwa mbovu,
fundi akasema, nipe nusu saa.
Nusu saa!
Torkjell akalitazama bawa kupitia kioo, akasema ni sakitu tu,
itapeperuka.

Haikupeperuka.
Ndege ilifika kimo cha mnara wa kanisa, ikasita,
ikalala ubavu thelujini.
Abiria tisa. Wanane walitoka wakitambaa.
Wa tisa, Oddny Persen, mwalimu wa hisabati,
tangu hapo anafundisha akiwa ameketi.

Kuteleza si kuanguka, walisema wahenga.
Wahenga hawakurusha ndege.

Nimeisoma taarifa yake mara nne.
Wanasheria walimshauri aandike: *ndege ilianguka*.
Yeye ameandika: *niliiangusha*.
Herufi chache tu zimeongezeka,
na ndani yake mna mtu mzima, amesimama, hajajificha.

Oddny ameleta barua. Nilitarajia kurasa.
Ni mstari mmoja:
*Muulizeni kama siku hizi huligusa bawa.*

Namuuliza.
Anachelewa kujibu, anatazama dirisha.
«Hata nikiwa abiria,» asema, «huwaomba waniruhusu.
Wengi hunikatalia. Kuna mmoja alinicheka.
Navua glavu, napitisha vidole,
na nisipopata ruhusa, basi nasubiri ndege nyingine.
Nimechelewa arusi ya dada yangu.»

Hacheki. Nami sicheki.

Sasa kalamu iko kwangu, na haiandiki.
Kwa maana nakumbuka Bodø, nikiwa na miaka thelathini na moja,
mabawa yamekuwa meupe kama mkate uliomwagiwa sukari,
saa inanisukuma mgongoni,
nami nikapaa.
Nikafika. Nikanywa supu. Nikalala.
Hakuna aliyeuliza, sikumwambia mtu,
na faili langu ni safi hadi leo,
safi kwa sababu upepo wa siku ile ulikuwa na huruma
ambayo haukumbakizia Torkjell.

Natia sahihi: mwaka mzima kiti cha kulia,
chini ya nahodha mwingine,
na kila msimu wa baridi asimame mbele ya wanafunzi
awasimulie ile nusu saa.
Anaipokea karatasi kwa mikono miwili.
Hanishukuru. Vizuri.
Anauliza tu kama Oddny ataambiwa.

Mlango unafungwa. Nje wanakwangua kioo cha gari.
Navuta droo, natoa fomu nyingine ya taarifa,
kwenye nafasi ya jina naandika langu,
na chini yake, mkono ukiwa mzito,
naanza:
*Nili*