Kipimo cha Saa Kumi

Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana,
nabonyeza redio na kuwatajia walio bondeni kina cha ziwa.
Miaka kumi na mmoja, sijakosea hata sentimita.
Kule chini, Santa Rufina yote
hulala juu ya tarakimu zangu.

Mwezi wa Mei walimwiba malaika.
Malaika wetu mwenye gobori, kofia ya manyoya, viatu vya kibwana,
kazi ya mkono usioachiwa jina, mkono wa mtu wa huku huku.
Walimkata kwa wembe kwenye fremu.
Kikasalia kisigino, kimeng'ang'ania ubao.

Juni ikaja barua isiyo na salamu:
*Futeni kesi kabla ya Ijumaa. Picha ina mnunuzi ng'ambo.
Mkikaidi, ukingo wa ziwa utafumuka,
na dunia itasema barafu imemeguka,
joto limezidi, maskini watu wa milimani.*

Hilo ndilo lililonikaba:
mauaji yaliyovishwa koti la hali ya hewa.

Alhamisi, bomba la saba halikupumua.
Yako kumi, meusi, yananyonya ziwa juu ya kifusi
na kulitema mtoni kidogo kidogo.
Nayatambua kwa sauti
kama mchungaji atambuavyo kikohozi cha kila alpaka.
Nikaingiza mkono hadi begani.
Nikagusa nailoni, nikavuta,
malaika akatoka kichwa mbele, kama anazaliwa,
hana kisigino.

Wanaoyajua mabomba haya ni wawili.
Mimi. Na Hermógenes, shemeji yangu,
mlipuaji wa mgodi wa zinki, aliyeyaunga kwa mikono yake,
mikono inayonuka baruti hata siku ya Krismasi.

Nikatembea juu ya kifusi na tochi.
Mashimo sita. Udongo wake mbichi.

Saa nane usiku, taa moja ilikuwa inapanda njia ya nyumbu.
Nikabonyeza redio.
Saa sita nilikuwa nimesema sabini na moja, nukta tisa.
Sasa nikasema: sabini na tatu.

Abundio hujibu daima, "Nimepokea, Eulogia, jinyooshe kidogo."
Safari hii alikaa kimya.
Kisha: "Nimepokea."
Kisha, mbali sana, ndogo kama kijiko ndani ya kikombe,
kengele ya kanisa.

Nikamtandaza malaika juu ya mashimo
nikaketi kifuani pake.

"Ondoka hapo, Eulogia."
"Washa."
"Hujui thamani ya ulichokikalia."
"Wewe unaijua. Washa."

Upepo. Dhahabu ya miaka mia tatu
inapukutika kwenye sketi yangu.
Bondeni, taa zinatoka majumbani moja moja,
zinapanda vilima: wazee mgongoni, blanketi, kuku.
Yeye pia alikuwa anazitazama. Moja kati ya hizo
ilikuwa ya dada yangu, mkewe, na mimba ya miezi saba.

Kiberiti alikuwa nacho. Mkono ulitetemeka, wake au wangu,
sikumbuki, na polisi hawakuniuliza hilo.

Saa kumi nikabonyeza redio.
Sabini na moja, nukta tisa.
"Una hakika?" akauliza Abundio.

Nikaligeukia ziwa, nikalitazama vizuri.
Nikarudia.